Neno Nililoligeuza Mbele ya Wazee

Dada yangu mpendwa uliyeko Ryansoro,

Barua hii utasomewa na mama mchungaji wa huko. Nimemwomba asome yote, hata pale atakapoona haya kusoma. Nilikuja mwenyewe kiangazi, ukaniona nikiwa bado njiani, ukaingia ndani ukafunga mlango. Sikulaumu. Nilikaa kidogo pale nje, nikarudi Muyinga.

Unakumbuka siku niliyotoka Tanzania? Lori lilinishusha Gasorwe na godoro na mabati. Vita vilinitoa nchini mgongoni kwa mama, nikarudi mtu mzima, na mama tumeshamzika kulekule kambini. Wewe na baba mlibaki huku miaka yote ile. Nilipofungua mdomo kusalimia kwa Kirundi changu, ulishika tumbo ukacheka. "Yoo! Mdogo wangu anaongea kama redio!"

Ukanifundisha kulima mlimani. "Geuka, angalia juu. Ukilima hivyo utabiringika na jembe lako mpaka mtoni, na mi sitakufuata." Tangu uondoke hakuna mtu wa kunicheka hivyo. Watu walikuwa wananiheshimu tu. Heshima peke yake inachosha, dada.

Sasa niseme. Kabla sijarudi, ulipofiwa na mume, ulirudi nyumbani ukamuuguza baba. Ulimwogesha, ulimlisha. Kabla hajafa akakupa igiseke yako, kile kipande cha shamba ambacho baba anampa binti yake, pale bondeni, pazuri kuliko kote. Mi niliona wivu. Nilisema moyoni: nimekula posho ya kambi tangu utoto, narudi nakuta bonde liko mikononi mwa mwanamke.

Nikawaita wazee wa kilima chetu, wanaoamua kesi za mashamba. Nikaja na Biblia yangu ya Kiswahili. Wote walinijua, mi ndo nilikuwa mkalimani kanisani, kila Jumapili wanasikia neno la Mungu kupitia mdomo wangu. Nikafungua Mwanzo, pale inaposema mwanamume atawaacha baba yake na mama yake, aambatane na mke wake. Macho yangu yaliona mwanamume. Mdomo wangu, kwa Kirundi, ukasema mwanamke. Nikaongeza na yangu, kwamba akishaolewa hana tena fungu kwa baba yake. Nikafunga kitabu haraka.

Wewe uliuliza kitu kimoja tu: "Mungu ndiye amesema hivyo?"

Nikajibu, "Ndiyo."

"Basi. Na wewe ningebishana mpaka kesho. Na Mungu, hapana."

Asubuhi ulifunga nguo zako kwenye kitenge ukaondoka. Sikukusindikiza hata mpaka barabarani.

Baadaye watu waliotoka huko wakaniambia umeacha kusali. Ulipoulizwa ulisema, "Mungu yule ana watoto wa kiume tu." Neno hilo nililisikia, na bado niliendelea kulima bonde lako. Nilikula maharage yako peke yangu, na yaliyobaki niliyapeleka kanisani.

Ndiyo, siku ya shukrani ya mavuno nilibeba kikapu cha maharage yale mpaka madhabahuni. Siku hiyo alihubiri mgeni kutoka Kigoma, mi nimesimama pembeni yake natafsiri. Akasoma pale Yesu anaposema, ukileta sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache, uende kwanza mpatane. Mdomo ulikataa. Yule mgeni akafikiri sikusikia, akarudia. Wamama wakaanza: "Tafsiri basi! Umelala?"

Nikatafsiri kama ilivyo, bila kugeuza. Halafu nikakichukua kikapu changu katikati ya vingine, nikasimama nacho mbele ya watu wote, nikasema nilichokufanyia. Mzee mmoja aliyekuwepo siku ile ya shamba alisimama. "Kumbe kitabu kilikuwa kimya," akasema. "Wewe ndo uliyeongea."

Wameniondoa kwenye kutafsiri, na ni haki. Wiki iliyofuata wazee walishuka bondeni wakapanda tena miti ya mpaka niliyokuwa nimeing'oa, na wote wakashuhudia kwamba ni kwako. Msimu huu sikutia jembe pale. Majani yamepanda mpaka kiunoni. Jioni nakaa mlangoni nikiyaangalia, hakuna hata wa kuniuliza kama nimekula.

Dada, sikuandikii ili urudi. Ukitaka kulima, shamba liko. Ukitaka kumkodisha mtu, mkodishe. Ukitaka kunichukia mpaka nife, mi sina la kusema, nimelitafuta mwenyewe. Ningefurahi kusikia sauti yako, hata ukija kunitukana. Lakini hilo ni langu, lisikulemee.

Ninaloomba ni moja. Mungu msemeshe tena. Hajakufukuza. Neno lile hakulisema popote, nimetafuta kitabu chote. Aliyekufukuza ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Ndimi mdogo wako, uliyebaki naye mmoja tu.