Papa Bila Kisu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mukaaji mupya, chumba cha mwisho, étage ya pili. Nilisoma jina mulangoni mara mbili. Papa Tshibangu! Papa Bila Kisu mwenyewe, ule baba muzee wa kanisa letu la Matonge. Hapa kwetu Woluwe, kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, na pantoufles miguuni na soksi ya sufu.

Ni ule aliyesimama mbele yetu mwezi wa kwanza, akatoa ushuhuda: alikuwa na uvimbe kwenye utumbo, akaenda Liège retraite ya maombi, akarudi muzima. Tangu siku ile jina lake ndilo hilo, maana hakupasuliwa. Hata pasta anamwita hivyo kwenye micro.

Sasa ameanguka mara mbili nyumbani kwake. Anaishi peke yake, mutoto wake Gracieuse yuko Montréal. Donc mutoto amemuleta kwetu.

Aliniona na uniforme. Akasema: Mama Mignonne. Nikasema: Papa. Ikaishia hapo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemunawisha mwili leo asubuhi.

Kuna kovu. Inaanza juu ya kitovu, inashuka mupaka chini, na vidoti vya agrafes, zile pini za kufungia kidonda, huku na huku. Akasema bila kuniangalia kwamba ni ya zamani sana, ya wakati wa Kolwezi, akiwa kijana. Bon. Ya wakati wa Kolwezi, na ingali pinki kama ufizi wa mutoto.

Nikamufunga vifungo vya shati. Nikamuuliza kama anataka kahawa. Akataka.

Kisha nikaingia chumba cha mashuka nikapiga mto ngumi. Sababu yaya Bibiane, dada yangu mukubwa, ana uvimbe kwenye utumbo. Daktari alisema usingoje, mama. Tarehe ya kupasuliwa ilipangwa, 18 ya mwezi wa pili. Akapiga simu akaifuta. Alisema kama Mungu alimufanyia Papa Tshibangu bila kisu, yeye ana kosa gani?

Nina hasira mupaka meno inauma.

Alhamisi, 6 Machi

Évaluation ya Papa, maswali ya kila mukaaji mupya. Nathalie, chef wetu, mukubwa wa kazi, ndiye anauliza, mimi naandika kwenye ordinateur. Tulipata mama wanne wa kanisa wamekaa juu ya kitanda chake, na thermos. Nathalie hakuwafukuza. Lakini hakungoja pia, ana wakaaji wengi.

Kula? Anakula. Usingizi? Kidogo. Kisha ile swali: ndani ya siku mia kabla ya kuingia hapa, ulifanyiwa opération kubwa, ya kulazwa na kulalishwa na dawa? Ndiyo ni 1. Hapana ni 0. Haijulikani ni 8.

Papa akakohoa. Akasema Mungu ndiye daktari wake. Mama wanne: AMINA! Mumoja akaanza wimbo.

Nathalie akaniuliza polepole kama amina ni 1 ao ni 0.

Nikaandika 8. Tunaweza kubadilisha mupaka Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, saa sita mchana. Kisha dossier, faili yake, inafungwa.

Ijumaa, 7 Machi

8 ni kazi mubaya. Kwa 8, Papa yuko kwenye gymnastique na wengine wote, wanarushiana mupira. Leo aliinama kuuokota, akabaki ameinama. Tulipomulaza niliona kitu kinasukuma pembeni ya kovu, saizi ya limao. Akikohoa, inatoka. Akinyamaza, inarudi.

Kwa 1 angepata mukanda wa tumbo, kiné wake mwenyewe wa mazoezi, na chirurgien aliyemupasua angepigiwa simu. Namba moja tu!

Nikamwambia Nathalie juu ya kovu. Akasema ameiona, hata daktari wetu ameiona, lakini kovu haina tarehe. Anataka karatasi ya hospitali ao kinywa cha Papa. Karatasi, Papa alikataa kutia sahihi wafungue dossier yake. Kinywa, tulikisikia.

Nathalie si mubaya. Hajui tu kwamba kanisa zima limelala juu ya tumbo ile.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Papa alitusalimia kwa simu, pasta akaiweka karibu na micro. Watu wakapiga makofi. Bibiane alicheza mbele, na kitenge kipya. Kitenge kinazunguka kiuno mara mbili na bado kuna kitambaa kinabaki.

Kisha nyumbani kwa yaya, pale nyuma ya uwanja wa Flagey. Alipika kwa watu kumi, akala vijiko viwili. Nikamwambia yaya, unakonda. Akasema ni kufunga.

Ile kovu ilikuwa kwenye ulimi. Nilikuwa nayo kwenye ulimi kabisa! Lakini nikisema ya mugonjwa nje, kazi imekwisha, na diplôme pamoja nayo. Na pia — nimuambie nini? Kwamba nilimuona Papa wa kanisa uchi?

Nikasema tu: Yaya, ule Papa ulishamuuliza yeye mwenyewe? Akaniangalia kama nimetukana mutu. Shahidi haulizwi, Mignonne. Shahidi anaitikiwa amina.

Nikasema basi nenda umusalimie, ni mugonjwa, hata Biblia inasema. Akaniuliza saa gani wanaruhusu wageni.

Jumanne, 11 Machi

Nilimukata Papa kucha za miguu. Mulango nimefunga.

Nikamwambia: Papa, sema tu mwezi. Sitaki kingine. Nikamuelezea mukanda, kiné, yote. Akanipa muguu wa pili.

Kisha akasema. Kwamba siku ile hakudanganya. Alisema Mungu ameniponya, na ni kweli, Mungu na wale madaktari wa Liège. Alikuwa bado na sentensi ingine. Lakini pasta akapasua sauti: BILA KISU! Na kanisa zima likasimama.

«Bantu bote balisimama, mama. Miye ningebaambia nini? Mwikale chini?»

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikaendelea na kucha. Mimi pia nilisimama siku ile. Nilipiga vigelegele.

Nikamwambia: Papa, pale kanisani kuna mutu ana ugonjwa ule ule. Amefuta opération yake sababu ya ile sentensi isiyoisha. Akauliza ni nani. Nikasema siwezi kusema ya wagonjwa, ya yeyote.

Akavuta soksi kwenye muguu uliokwisha. Kisha akanikumbusha kwamba kidole kidogo kimebaki.

Ijumaa, 14 Machi

Dossier inafungwa saa sita. Sasa ni saa tano na nusu. Naandika nimesimama, karibu na lavabo, pale tunachota maji, kwenye mugongo wa karatasi ya menu.

Bibiane amekuja! Na sahani ya fufu na sombe, na viatu vya kanisa. Nilikuwa namalizia kutandika kitanda. Akapiga magoti, akaomba Papa amuwekee mukono juu ya tumbo. Papa akauliza ni tumbo ya nini. Yaya akamuambia yote, uvimbe, daktari, tarehe aliyoifuta. Akasema kwa furaha, masikini, kama anamuletea zawadi:

«Ni sababu ya ushuhuda yako, Papa.»

Papa hakuweka mukono. Alishika pindo la shati lake na vidole viwili. Akaniangalia. Ameelewa ni nani niliyemusema, tunafanana sana mimi na yaya, pua ni moja.

Akasema:

«Mama Mignonne, ninawishe.»

Nikasema Papa, tulishanawa asubuhi.

«Ninawishe tena.»

Nikasema kuna mugeni.

«Namuona.»

Yaya aliinuka mbio, akachukua sac yake, kwetu mwanamuke haangalii muzee akivuliwa nguo. Alikuwa ameshafika mulangoni.

«Weye, Mama Bibiane. Ikala.»

Akaikala. Uso umefungwa, haelewi kitu. Papa ameanza kufungua vifungo mwenyewe — kifungo cha kwanza kimemushinda, ameruka ameenda cha pili.

Nimekuja kuchota maji. Nathalie amepita hapa na ordinateur mukononi, ameuliza: ni 0, ni 1, ao ni 8? Anataka kufunga.

Nimemwambia angoje, leo Papa atajibu mwenyewe. Beseni limejaa, naenda.