Mtandio wa Mama kwenye Plagi ya Gari

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, tarehe 9, saa tisa alasiri.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo, na goti lako linaendeleaje? Shemeji amepona kile kikohozi? Na wapwa zangu, bado wanagombania kukaa dirishani kila mkipanda gari, au wamekua sasa wameacha? Sisi afya tunazo, ila joto limetukaba koo. Juzi mteja aliniita haraka nikamtengenezee friji haligandishi. Nilipofika nikamkuta amelifungua mlango wazi, ameweka kiti mbele yake, anakula upepo. Friji halikuwa na kosa lolote.

Mama hajambo, ingawa anakula kama ndege. Siku hizi haachani na simu yake. Akienda kuoga anaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, mlango kaurudishia tu, eti huenda mtu akapiga. Simtaji huyo mtu. Hii ni wiki ya saba hujampigia.

Hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu mimi ni mwongo hodari, na hapo mbele utaona jinsi nilivyo hodari. Basi nimeona bora niandike.

Dada, Mama hakuchelewesha safari. Aliyechelewesha ni mimi.

Najua alivyokuambia siku ile ya mazishi ya Mama Mdogo. Alikuambia joto lilimzidi njiani, akaomba tupumzike, na kupumzika kukawa kurefu. Nilikuwa nimesimama karibu naye akikuambia hivyo. Nikasikia na wewe ulivyomjibu, maana sauti yako ilivuka simu ikajaa chumba: “Mdogo wako anakata roho, wewe unapumzika?” Mama akasema, “Nisamehe mwanangu.” Mimi nikaangalia viatu vyangu. Mama Mdogo ndiye aliyekulea tangu unaanza darasa la kwanza, sishangai ulivyoumia. Ila uliyemrushia maneno siye.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, bila kupunguza.

Baba Mdogo alipopiga kusema hali imebadilika, Mama alitaka kupanda basi la asubuhi. Alishatoa mpaka begi. Mimi nikamwambia basi la nini, na gari la umeme limekaa hapo nje? Unalijua lile gari langu nilivyolisifia mpaka watu wakaanza kunikwepa. Kilomita mia sita na arobaini, nikasema, tunachaji mara mbili chaji ya haraka, saa nane mchana tumekaa kitandani kwa Mama Mdogo. Mama akarudisha begi sakafuni, akaniamini.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nikakanyaga mia na arobaini kila barabara iliponiruhusu, nikijiambia naokoa muda. Kituo cha kwanza tulichaji vizuri tukatoka. Kufika saa tano jua lilikuwa linachoma, kipimo cha gari kinasema nje ni nyuzi arobaini na nne, na betri nimeitesa kwa mwendo na kwa ile chaji ya kwanza. Mwendo ule pia ulikunywa umeme kupita kiasi. Nikaona asilimia zinakimbia, nikazima kiyoyozi. Mama aliulowesha mtandio wake kwa maji ya chupa, akajifunika kichwani na usoni.

Saa sita tukaingia kituo cha pili. Zilibaki kilomita mia mbili na kumi. Nikachomeka plagi, mashine ikaanza kwa nguvu, halafu ikaporomoka mpaka kilowati thelathini na kitu. Maandishi yakatokea: joto limezidi, kasi imepunguzwa. Mhudumu wa kituo, mama mmoja mwenye mwavuli wa mistari, akaja taratibu.

“Kaka, gari limechemka na plagi nayo imechemka. Lisogeze kwenye ile mashine ya kivulini, liache lipoe robo saa. Chaji mpaka sabini tu, usingoje mia. Ukienda na tisini kwa saa, unafika vizuri na kiyoyozi kikiwaka.”

Unadhani nilimjibuje? “Dada yangu, mimi ni fundi friji mwaka wa kumi na saba huu. Joto ndiyo kazi yangu.”

Akasema, “Sawa, fundi,” akarudi kwenye kibanda chake.

Dada, mimi ndiye ninayewafokea wateja kila siku wasiingize sufuria la moto kwenye friji halafu wategemee baridi papo hapo. Kila kitu kina muda wake wa kupoa, ndivyo ninavyowaambia, na kidole nainua juu. Siku ile ya kwangu sikukumbuka hata neno moja. Nilichokumbuka ni ujanja. Ndani ya plagi mna kidude cha kupima joto, nacho ndicho kinachoiambia mashine ipunguze umeme. Nikajiambia, nikikipoza hicho kidude, mashine itadhani mambo ni shwari.

Nilihitaji kitambaa kilicholoa. Nikafungua mlango wa Mama, nikauvua ule mtandio kichwani mwake. Sikumwomba. Nilisema tu, “Mama, nipe kidogo,” na mkono ulishauchukua. Nikauzungushia kwenye plagi, nikaumwagia maji yaliyobaki kwenye chupa. Maji yake ya kunywa, Dada.

Ujanja ulifanya kazi. Kilowati zikapanda mpaka tisini, nikampungia mkono yule mhudumu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Dakika kumi na mbili baadaye nikasikia harufu ya plastiki. Kidude kile kilikuwa kimepoa, lakini chuma cha ndani kiliendelea kuungua bila mtu wa kukitetea. Mashine ikazima. Plagi ikang'ang'ania kwenye gari, haitoki mbele wala nyuma, na gari likiwa limefungwa kwenye waya haliwezi kwenda popote.

Fundi wao alikuwa mbali. Alifika saa tisa, akaitoa saa tisa na nusu, ndipo tukachaji kwenye ile mashine ya kivulini. Mhudumu alikuwa ameshamchukua Mama, akamlaza kwenye benchi la kibandani penye feni, akampa maji. Mimi nilibaki nje navutana na plagi kama mwendawazimu.

Hayo yote Mama anayajua, na ndiyo aliyoyaficha. Tulipokuwa tunaondoka pale aliniambia, “Watu wakiuliza, sema nilichoka mimi. Wewe una maisha ya kuishi nao.” Nami nikakubali. Nilikubali haraka sana.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu. Mama Mdogo alikuwa ameondoka saa kumi na dakika kumi. Nimepiga hesabu hiyo kwenye kila karatasi ya kazi niliyonayo: kama ningemsikiliza yule mama wa mwavuli, tungefika kabla ya saa tisa na nusu. Mama angekaa na mdogo wake dakika arobaini na zaidi.

Sasa linabaki moja ambalo Mama halijui.

Saa nane na nusu, Mama akiwa kwenye benchi, simu yake ililia ndani ya gari. Nikapokea mimi. Alikuwa Baba Mdogo.

“Anamwulizia dada yake. Mmefika wapi?”

Nikasema, “Tuko karibu, Baba Mdogo.”

“Basi mpe Mama simu, niiweke sikioni kwa huyu waongee kidogo. Leo sauti anayo.”

Nikamsikia Mama Mdogo nyuma yake, sauti nyembamba lakini ni yake: “Ni dada huyo?”

Kutoka pale mpaka kwenye benchi ni hatua ishirini. Nimeshazihesabu kichwani mara nyingi. Lakini niliona haya. Mama angeshika simu angesema tumekwama, na Baba Mdogo angejua gari la Bwana Fundi limefungwa kwenye waya kama mbuzi. Nikasema, “Hakuna haja, tunaingia sasa hivi. Mwambie asubiri.” Nikamsikia Baba Mdogo akimwambia, “Wanaingia.” Mama Mdogo akasema, “Haya, namsubiri.”

Nikakata. Halafu nikaifuta ile simu kwenye orodha ili Mama asiione. Baba Mdogo mpaka leo anadhani Mama alikuwa pembeni yangu akasikia yote.

Ndiyo hiyo, Dada. Nimekula, nimelala, nimetengeneza mafriji ya watu wiki saba nikiwa na hiyo tumboni. Gari limesimama uani, sina hamu hata ya kulifuta vumbi. Kila nikimwona Mama ameangalia simu yake, naona aibu mpaka natafuta kazi ya kwenda kufanya nje.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba kitu kimoja: hasira uliyompa Mama irudishe, uniletee mimi, yote. Yeye mpigie. Usimweleze lolote, mwulize tu ameamkaje.

Nisalimie Shemeji, umwambie friji lao likisumbua asiwaite watu wanaojifanya wanajua. Wabusu wapwa zangu wote wawili, na yule wa mwisho umwambie mjomba ameipokea picha yake, ipo ukutani. Msalimie na mama mkwe wako. Mungu akulinde na baridi ya huko, akupe usingizi mzuri kuliko wangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinichukia.

Nyongeza, saa moja na nusu usiku. Sikuona haki wewe ujue habari ya ile simu na Mama asijue, basi kabla ya kufunga bahasha nilikwenda jikoni nikamwambia. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama kweli Mama Mdogo alikuwa na sauti. Nikasema ndiyo, niliisikia. Akaweka ungo chini akalia, na mimi nikalia, tukakaa hivyo mpaka kukaanza giza. Kisha akajifuta, akauliza kama hilo la simu nimekuandikia. Nikamwambia nimeandika.

“Litoe,” akasema. “Hilo dada yako hatakusamehe. Mwache anikasirikie mimi.”

Sikulitoa.