Mama, Dobi Wetu, Mshindi wa Pili

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, Mama, na pasi za dukani zikabaki kwa mikono isiyo na subira yako. Wateja bado wanauliza, "Yule mama wa mabega mapana yuko wapi?" Tukiwaambia, wanakaa kwanza kwenye benchi kabla ya kuchukua nguo zao.

Ulikuwa dobi, na kabla ya hapo ulikuwa mwogeleaji wa timu ya taifa. Hukujisifia lolote kati ya hayo. Shati likikosa kifungo ulilishonea, ukalikunja, ukanyamaza. Mvuke ukijaa chumbani ulipiga mluzi, na wajukuu walijua kwa mluzi huo kama wakuombe ruhusa sasa au wasubiri kidogo.

Uliposema unarudi majini kwenye mashindano ya maveterani, tulicheka mpaka ukanuna. Kisha tukaja wote bwawani, tumevaa fulana zenye sura yako. Kule watu hupangwa kwa rika, na siku ile rika lako lilikuwa na mtu mmoja tu: wewe. Uliogelea, ukagusa ukuta, ukavishwa dhahabu. Sisi tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Wewe ulijifunika taulo hadi kidevuni.

"Mama, mbona huchangamki?"

"Nichangamkie nini? Nimempita nani?"

Maneno yako yaliingia sikio hili yakatokea lile. Ile medali uliyoificha kabatini tuliitoa, tukaitundika dukani juu ya kaunta. Mteja akikupongeza, ulijifanya unatafuta nguo zake kule nyuma mpaka abadilishe mazungumzo. Tulidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, Mama, na tuliokuvisha ni sisi.

Msimu uliofuata alijiandikisha mkunga mstaafu wa rika lako, aliyejifunza kuogelea uzeeni baada ya daktari kumwambia ayahurumie magoti yake. Akakushinda. Sisi kule jukwaani tuliinamisha vichwa, eti mwogeleaji wa taifa kaachwa na mwanafunzi! Wewe ulirudi nyumbani na medali ya fedha shingoni, ukala nayo, ukalala nayo.

"Kaniacha pale pa kugeukia, mjanja yule! Ngoja nimpate!"

Hatukuwahi kukuona na furaha kama ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza ilikuwaje. Baba peke yake ndiye aliyecheka nawe.

Hukumpata. Ugonjwa ulikuwahi. Siku ya kukuzika kaka yetu mkubwa alisoma wasifu wako, tuliouandika sote. Dhahabu ilitajwa, fedha hatukuigusa. Mkunga alikuwa ameketi safu ya nyuma, akasikiliza mpaka mwisho, akatupa mkono wa pole, akaondoka.

Mwezi uliopita alitupigia simu. "Wanangu, njooni bwawani. Mwenzangu hayupo, nimebaki peke yangu kwenye rika letu."

Tulikwenda, maana tungekataaje? Aliogelea peke yake, kwenda na kurudi, bila mtu wa kumfukuza. Jina lake lilipoitwa watu wakashangilia, naye akaipokea dhahabu kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwenzake. Hapo ndipo tulipoelewa, na nyuso zikatuwaka. Hatukupiga makofi. Tulishuka, tukakaa naye kwenye viti vya plastiki vilivyolowa, na dada akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Mkunga, tusimulie siku ile mliyoshindana na mama yetu."

"Nilidhani hamtauliza kamwe," akasema, na akasimulia mpaka walinzi wakaja kufunga.

Utusamehe, Mama. Swali lile lilikuwa la kukuuliza wewe.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, wakwe zako, wajukuu wako, vijana wa dukani, na mkunga aliyekushinda. Tutakukumbuka daima, mshindi wetu wa pili.