Zamu Ilikuwa Yangu, Akazama Halfani

Shangazi Hilda, shikamoo. Naomba unisaidie, maana kuna mama mmoja Kondoa ananiita mwanangu, na kila akiniita hivyo natamani ardhi ipasuke.

Mimi ni Nathanaeli, wa Chamwino. Mimi na Halfani tulikuwa mafundi wa boti za matanga kwenye klabu moja Dar es Salaam, yeye Mrangi mimi Mgogo, tukichekana kwamba watu wa nchi kavu tumegeuka samaki, na mwaka jana tukachaguliwa kuingia kwenye boti ya mashindano ya kutoka Afrika Kusini mpaka Brazili, watu tisa, wiki tatu bila kuona nchi. Shangazi, kwenye picha ni kuzuri, lakini humo ndani boti imelala ubavu kutwa, nguo hazikauki, chakula ni cha pakiti unachokoroga na maji ya moto, masaa manne kazini, manne kitandani, na kitanda chenyewe unaingia mwenzako akitoka, bado kina joto lake. Mimi na Halfani tulipokezana kitanda kimoja.

Siku ya kumi na mbili niliona kulabu ya mkanda wangu wa usalama, ile inayokushikiza kwenye boti usichukuliwe na wimbi, haifungi vizuri. Nikanyamaza, kwa sababu nahodha alishanigombeza kwa kudondosha kifaa baharini na sikutaka anione mharibifu. Kesho yake asubuhi nikatapika mpaka nyongo. Halfani ndiyo kwanza katoka zamu, mkanda wake keshauvua. Nikamwambia, "Kaka, nishikie hata nusu saa." Akacheka, "Lala, Mgogo, utanipikia mlenda tukirudi." Akachukua mkanda wangu mkononi mwangu. Nisikudanganye, Shangazi, ile kulabu niliikumbuka. Nikajisemea nusu saa ni kidogo.

Nilimwona kupitia mlangoni akijifunga kwenye boti. Muda si muda nikasikia, "Mtu majini!" Tuligeuza boti, tukamtafuta siku hiyo na kesho yake yote. Hatukumpata. Mkanda ulikwenda naye na kulabu yake, hakuna aliyeweza kuikagua, kwa hiyo ripoti ikaandikwa kwamba huenda hakujifunga kwenye boti, na mimi nikaweka sahihi.

Juzi mama yake, Mama Swaumu, kanipigia: "Mwanangu, wewe ulikuwa naye, kweli Halfani hakujifunga? Mbona alikuwa mwangalifu tangu mdogo?" Nikamjibu, "Mama, bahari inachanganya watu." Akalia, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Sasa nikisema si nitamuua? Au nife nalo?

Nathanaeli, Chamwino

Nathanaeli, marahaba, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, ya pili nilikasirika.

Kuugua si kosa. Kumwomba rafiki akushikie zamu si kosa. Angekuomba wewe ungekubali. Lakini ulijua kulabu ni mbovu ukanyamaza, halafu ukatia sahihi karatasi inayomfanya marehemu mzembe, naye hana mdomo wa kujitetea. Unaniuliza kama utamuua mama yake? Anakufa kidogo kidogo sasa hivi, akijiuliza alikosea wapi kumlea. Hapo unamhurumia yeye, au unajihurumia wewe?

Wiki hii waandikie wenye boti na waandaaji ukweli wote, kulabu na sahihi, maana pengine mikanda ya aina ile imefungwa viunoni mwa watu leo hii. Wakikuita kujibu, nenda ukajibu.

Kisha panda basi uende Kondoa. Usimweleze kwa simu. Mtafute kwanza baba mdogo wa Halfani au mtu mzima mwingine wa ukoo, awepo, mama asiyapokee haya peke yake. Ukishasalimia, kaa chini, na neno lako la kwanza liwe hili: "Mama, Halfani alijifunga. Nilimwona." Hilo ni haki yake kabla ya mengine yote. Halafu maliza yaliyobaki, na kutapika kwako usikutaje mpaka akuulize.

Msamaha usiombe siku hiyo. Utakuwa umekwenda kumtwisha mzigo mwingine. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Akinyamaza, kaa hapo hapo chini mpaka yeye mwenyewe akwambie uinuke.