Bahati Hakuwa Mvivu

Mjukuu wangu Neema,

Huku mtaani kwetu Overport tunakusalimu sana. Mama yako amepata kazi saluni. Umeniuliza kwa nini daktari bado anamwambia baba yako arudie maneno matano, wakati kidonda cha kichwa alichopata bandarini kilishafunga.

Nilipokuwa msichana Bukavu, yaya wangu Bahati, ndugu yangu mkubwa, alianguka kutoka kwenye lori. Alipona, tukashukuru. Lakini mwaka mzima baadaye, ukimtuma sabuni, chumvi na mafuta, alileta chumvi tu, tena kwa hasira. Mama akamwita mvivu. Mimi nilitaka kujua. Nilimtuma kitu kimoja, akaleta. Viwili, akaleta. Vitatu, kimoja kikapotea. Siku moja nikamwambia aviimbe njiani, akarudi navyo vyote.

“Mama, si uvivu,” nikasema. “Kichwa chake bado kinauma kwa ndani.”

Mama akamwomba Bahati msamaha. Sikuwahi kuona mzazi akifanya hivyo.

Basi daktari hamtegi baba yako. Anatafuta maneno yanapotelea wapi. Jana baba yako aliniuliza mara tatu kama umepiga simu. Jina lako hakulisahau hata mara moja.

Ni mimi, koko wako anayekuombea.