Honi Imelia, Ukaguzi ni Jumanne

Jumapili, Walthamstow

Honi, tena. Gari nimeliunga mwenyewe, injini inanguruma vizuri, breki zinashika, taa zote zinawaka, lakini kila nikibonyeza honi, kimya. Na mkaguzi wa Jumanne hatapitisha gari bubu.

Nimeshinda gereji nikifuata nyaya. Mke wangu Zuhura akaja na chai, akasimama mlangoni.

"Bado halijakujibu?"

"Bado."

"Labda limekununia."

Kumbe kosa langu. Nilipaka rangi mpaka chini ya bolti inayoshika waya wa honi kwenye bodi, na umeme haupiti kwenye rangi. Nikaikwangua, nikafunga, nikabonyeza. Ikalia mpaka jirani akachungulia dirishani. Nikampungia mkono kama bwana harusi.

Sasa naogopa kingo za bodi. Mkaguzi hupitisha kidole kila mahali, akikuta pakali umeanguka. Nimezipiga msasa zote, ila ule wa chini ya taa ya kushoto, sijui...

Lakini la leo ni jengine. Zuhura, aliyeapa tangu mwanzo kwamba hapandi gari lililokuja vipande vipande kwenye maboksi, alifungua mlango, akakaa kiti cha abiria, akajifunga mkanda.

"Haya, twende."

"Haliruhusiwi barabarani mpaka lipite."

"Najua. Njoo ukae."

Nikakaa. Tukanywa chai humo humo, mlango wa gereji wazi, tukitazama mvua, na wala hakuniuliza kama litapita.