Soda ya Bibi Mlinzi wa Gari

Baba Nuan,

Wali umo kwenye jiko la umeme. Hicho chuma hapo mezani ni silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini ya pikapu yetu, usikisogeze.

Asubuhi nilichomoa kijiti cha oili, nikakuta oili nyeupe kama tui la nazi. Maji yameingia; gaskiti inayoyazuia imeungua. Wiki nzima nakwambia gari linachemsha, wewe unamtundikia Bibi Mlinzi, hiyo roho yako ya kulinda gari, mashada ya asumini na kumwekea soda nyekundu! ~~Mume gani wewe~~ Siku nyingine fungua boneti kwanza, mume wangu.

Nimefuata gaskiti mpya mjini. Jioni nafunga mwenyewe, kesho tumpeleke Nuan chuoni.

Ile soda usiitafute. Mlinzi wa gari keshainywa, kwa mikono yake yenye grisi.

Mkeo